Achieng' Oneko na suala la mwenye stesheni

Mwanafunzi yeyote wa shule ya upili aliyejiandaa vyema kwa mtihani wa historia anaweza kuwataja wale sita wa Kapenguria bila kusita: Jomo Kenyatta, Bildad Kaggia, Fred Kubai, Paul Ngei, Kung'u Karumba na Achieng' Oneko. Akishaliandika jina la Oneko, aghalabu humaliza naye. Haulizwi zaidi ya hapo, naye mwalimu hana wakati wa kumweleza zaidi.

Mimi si mwanahistoria. Taaluma yangu ni isimu, na kilichonivuta kwa mzee huyu ni jambo ambalo vitabu vya shule hulipitia kwa sentensi moja, ikiwa vinalitaja kabisa. Oneko ndiye waziri aliyesimamia kutwaliwa kwa redio na runinga ya Kenya kutoka mikononi mwa kampuni za kigeni na kukabidhiwa serikali mnamo Julai 1, 1964. Nalileta jambo hili mbele ya walimu na wanafunzi kwa sababu katika sehemu za Meru na Embu, ambako nimefundisha kwa miaka kadhaa, hupiti mwezi bila kusikia mabishano kuhusu stesheni fulani ni ya nani hasa. Wanaobishana huzungumza kana kwamba suala hili limezaliwa jana. Maisha ya Oneko yanaonyesha kwamba lina umri mkubwa, na kwamba aliyelijibu kwa ujasiri kuliko wote ndiye aliyekuja kuumizwa na jibu lake mwenyewe.

Alizaliwa mwaka wa 1920 huko Uyoma, kando ya Ziwa Victoria, katika eneo ambalo sasa limo katika Kaunti ya Siaya. Alisoma katika shule ya Maseno, ile ile iliyomsomesha Jaramogi Oginga Odinga na baadaye kumwajiri kama mwalimu. Urafiki wa wawili hao ulidumu maisha yao yote, na kama tutakavyoona, ulimgharimu Oneko si haba.

Kabla ya kuwa mwanasiasa alikuwa mhariri. Katika miaka ya 1940 alianzisha gazeti la Kijaluo lililoitwa Ramogi, kwa jina la babu mkuu anayetajwa katika masimulizi ya asili ya Wajaluo, na jina hilo likaambatana na lake hata akajulikana kote nchini kama Ramogi Achieng' Oneko. Ningependa msomaji alitazame gazeti hili kwa makini, maana ndani yake mna mbegu ya kila kitu kinachofuata. Halikuwa gazeti la serikali, wala halikuwa la mlowezi au mmishonari. Odinga alikuwa ameanzisha shirika la akiba na biashara, Luo Thrift and Trading Corporation, ambalo mtaji wake ulitokana na hisa zilizonunuliwa na watu wa kawaida, wakiwemo wafanyakazi Wajaluo waliotawanyika katika miji ya Afrika Mashariki. Shirika hilo lilimiliki kiwanda cha kupiga chapa jijini Nairobi, na humo magazeti ya lugha mbalimbali za Kiafrika yalichapishwa. Kwa hivyo yule aliyelisoma gazeti kwa lugha yake huenda pia alikuwa na hisa, hata kama ni ndogo, katika mtambo ulioichapa lugha hiyo. Hali kama hiyo imekuwa nadra sana katika historia ya vyombo vyetu vya habari, nami sidhani kwamba tumeipa uzito unaostahili.

Linganisha na redio ya wakati huo. Matangazo ya redio yalianza Kenya mwaka wa 1928, yakiwalenga walowezi na kutolewa kwa Kiingereza, na kwa miongo kadhaa yalikuwa mikononi mwa kampuni ya Uingereza ya Cable and Wireless. Mwafrika alikumbukwa Vita vya Pili vya Dunia vilipoanza, kwani familia za askari zilihitaji kupewa habari, na serikali ilihitaji kuhakikisha habari hizo ni zile inazozitaka. Alikumbukwa mara ya pili kwa sababu ya vita vingine, vya humu humu nchini. Katika miaka ya 1950, wakati wa hali ya hatari, serikali ya kikoloni iligundua ghafla thamani ya lugha zetu. Stesheni za mikoani zilianzishwa: Sauti ya Mvita huko Mombasa, stesheni ya Ziwa huko Kisumu, na stesheni ya Mlima Kenya huko Nyeri. Hii ya mwisho ndiyo iliyotuhusu sisi wa huku. Ilizungumza na wakazi wa mlimani kwa lugha wanazozielewa, ikiwataka waikane Mau Mau. Nawaambia wanafunzi wangu kila mwaka wasidhani kwamba kutangazwa kwa lugha ya mama ni ithibati ya kupendwa. Lugha ya mama ni njia fupi ya kuingia nyumbani, na njia hiyo hupitwa na rafiki na hasimu.

Wakati stesheni ya Nyeri ikitangaza, Oneko alikuwa kizuizini. Alikuwa amekuwa katibu mkuu wa chama cha KAU, na mwaka wa 1951 alisafiri pamoja na Mbiyu Koinange hadi Ulaya kuwasilisha malalamiko ya Waafrika kuhusu ardhi. Usiku wa Oktoba 20, 1952, hali ya hatari ilipotangazwa, alikamatwa pamoja na wenzake. Kesi ya Kapenguria inafahamika. Lisilofahamika sana ni kwamba hukumu dhidi ya Oneko ilibatilishwa katika rufaa mnamo Januari 1954. Alikuwa Mjaluo miongoni mwa watu walioshtakiwa kuhusu harakati ambazo viapo na nyimbo zake zilikuwa kwa Kikikuyu, lugha isiyokuwa yake. Mahakama ilimwachilia lakini serikali haikumwachilia. Alizuiliwa papo hapo kwa amri ya dharura, na hakuwa huru tena hadi mwaka wa 1961.

Sehemu ya miaka hiyo aliipitisha katika kisiwa cha Manda, karibu na Lamu, ambako walipelekwa wale waliohesabiwa kuwa vichwa vigumu. Humo alikutana na Pio Gama Pinto, mwanahabari wa asili ya Goa, na mwandishi wa Kikikuyu Gakaara wa Wanjau. Sheria za dharura ziliwaunganisha Wakikuyu, Waembu na Wameru katika kundi moja la washukiwa, na ndio waliojaza kambi za vizuizi. Oneko alikuwa mgeni miongoni mwao kwa lugha, lakini si kwa jambo lililowaleta hapo. Yaelekea kwamba miaka hiyo ndiyo iliyomfanya aamini kwamba kuna taifa moja lililo kubwa kuliko makabila, na kwamba taifa hilo linahitaji sauti moja. Huo ni ufafanuzi wangu, lakini sioni namna nyingine ya kueleza jinsi mhariri wa gazeti la Kijaluo alivyogeuka kuwa mtetezi wa idhaa moja ya serikali.

Alipoachiliwa, hakurudi kutafuta kura nyumbani Uyoma. Mwaka wa 1963 alichaguliwa kuwa mbunge wa Nakuru Mjini, mji wenye mchanganyiko wa kila kabila. Mzee Kenyatta akampa wizara ya Habari, Utangazaji na Utalii. Kwa mtu aliyeanza na gazeti dogo, hiyo ilikuwa wizara iliyomfaa.

Alichokikuta wizarani kinahitaji kuelezwa. Mwaka wa 1961, watawala wakijiandaa kuondoka, waliunda shirika la utangazaji, KBC, kwa mfano wa BBC ya Uingereza, ili lisiwe chini ya serikali moja kwa moja. Lakini shirika lilihitaji runinga, nayo runinga ilihitaji fedha na mafundi. Kazi hiyo ilipewa muungano wa kampuni 8 kutoka Ulaya, Amerika Kaskazini na Afrika Mashariki, na ilitarajiwa kwamba gharama zingelipwa na matangazo ya biashara. Oktoba 1962 picha za kwanza zilirushwa kutoka nyumba ya shambani huko Limuru, ambako mtambo ulikuwa umewekwa. Mawimbi yake yalifika umbali wa maili 15 hivi. Chora duara hilo kwenye ramani na utaona wazi runinga hiyo ilikuwa ya nani: ya Nairobi na viunga vyake, tena ya wachache humo waliomudu kununua chombo. Murang'a haikuwamo, sembuse Embu, sembuse Meru na Nyambene. Nayo matumaini ya matangazo ya biashara hayakutimia. Shirika lililokusudiwa kujitegemea likawa linategemea hazina ya serikali.

Hoja ya Oneko ilikuwa nyepesi kuelewa. Iwapo mlipa kodi ndiye anayelipia, kwa nini mgeni awe ndiye anayeamua? Taifa lililopata uhuru Desemba 1963 lingewezaje kuacha sauti yake katika mikataba iliyotiwa saini kabla ya uhuru? Na vipindi vilivyojaa maisha ya Marekani na Uingereza vingemfunza nini mtoto wa Kenya? Bunge lilikubali. KBC ikafutwa na mahali pake pakawekwa Sauti ya Kenya, ambayo wengi tuliijua kwa herufi zake za Kiingereza, VOK. Alifanya jambo lingine la aina hiyo kwa upande wa habari: katika wizara yake Shirika la Habari la Kenya, KNA, lilipewa kazi ya kukusanya habari kutoka wilayani na kuzisambaza, ili magazeti na idhaa zisitegemee mashirika ya Ulaya pekee.

Nimesikia wasomi wa leo wakimlaumu Oneko kwa uamuzi huo, wakisema ndiye aliyetupa miaka 25 ya idhaa moja iliyomwimbia mtawala. Lawama hiyo naiona nyepesi mno. Mwaka wa 1964 hapakuwa na Mwafrika aliyekuwa na mtaji wa kununua runinga. Waliokuwa wakiisubiri iwapo serikali isingeichukua si wakulima wa kahawa wa Runyenjes. Ni kampuni zile zile. Lakini kuna kosa ambalo siwezi kulifumbia macho, nalo limo katika namna uhamisho ulivyofanywa. Idhaa haikukabidhiwa bodi ya umma, wala bunge, wala watu kwa hisa kama kiwanda cha chapa cha miaka ya 1940. Ilikabidhiwa wizara. Watangazaji wakawa watumishi wa serikali kama karani wa wilaya, na mkubwa wao akawa waziri. Maadamu waziri alikuwa Oneko, mtu aliyeteseka kwa ajili ya nchi, yawezekana hakuna aliyeona hatari. Tatizo la kiti ni kwamba aliyekitengeneza si yeye atakayekikalia daima.

Kwa haki niseme kile ambacho idhaa hiyo ilitupa. Iliimarisha Kiswahili kuliko darasa lolote, na hili nalisema nikiwa mwalimu. Nilikulia katika miteremko ya mashariki ya Mlima Kenya, na katika soko letu runinga ilikuwa moja, ya mwenye duka, ikitumia betri ya gari kwa kuwa umeme haukuwa umefika. Antena ilifungwa kwenye mti mrefu, na mtoto mmoja alikuwa na kazi ya kuizungusha hadi chengachenga zipungue. Hapo ndipo wengi wetu tulipomsikia kwa mara ya kwanza mtu akizungumza Kiswahili kwa saa nzima bila kuchanganya. Vioja Mahakamani na Vitimbi vilitufunza lafudhi za nchi nzima. Mzee Ojwang', ambaye Kiswahili chake kilikuwa na ladha ya Kijaluo, aliigizwa na Benson Wanjau, ambaye hakuwa Mjaluo. Redio nayo ilikuwa na saa chache za Kimeru na Kiembu katika huduma ya lugha za mashariki, ikigawana siku na Kisomali, Kiborana na lugha nyingine. Wazee walizipanga kazi zao kwa kufuata saa hizo. Lakini saa hizo ziliamuliwa Nairobi, na kilichosemwa kwa Kimeru kilikuwa kile kile kilichokwisha kusemwa kwa Kiingereza, kikiwa kimetafsiriwa.

Kufikia 1965 mambo yalikuwa yamebadilika ndani ya serikali yenyewe. Pinto, rafiki wa Oneko kutoka siku za Manda, aliuawa kwa risasi Februari 24 mwaka huo jijini Nairobi. Ugomvi kati ya kundi la Odinga na kundi la Kenyatta na Tom Mboya, kuhusu ardhi na kuhusu mwelekeo wa uchumi, haukuweza kufichwa tena. Machi 1966 KANU iliitisha mkutano wa wajumbe huko Limuru, mji ule ule wa mtambo wa runinga, ikafuta cheo cha Odinga cha makamu wa rais wa chama na kuunda vyeo 8 vya makamu, kimoja kwa kila mkoa na Nairobi. Cheo cha Mkoa wa Mashariki, ambao makao yake makuu yalikuwa Embu, alikitwaa Jeremiah Nyagah, mwana wa Embu. Odinga akajiuzulu na kuunda chama cha KPU. Oneko, aliyekuwa na wizara, gari na bendera, akaviacha vyote akamfuata.

Waziri aliyejiuzulu anaweza kubakia na rafiki zake, na hata na wafuasi wake. Kitu kimoja hawezi kuondoka nacho, nacho ni kipaza sauti. Katiba ilibadilishwa haraka ili wote waliohama chama warudi kwa wapiga kura, na uchaguzi ule mdogo wa 1966 ukafanyika Juni. Magazeti yalikuwa bado katika mikono ya kampuni binafsi; redio na runinga zilikuwa za serikali, na serikali ilikuwa ya KANU. Hapakuwa na bodi ya kuwaombea wapinzani dakika tano, kwa sababu sheria ya 1964 haikuacha bodi. Oneko alishindwa Nakuru. KPU iliambulia viti 9 kati ya 29. Siwezi kusema kwamba redio pekee ndiyo iliyomwangusha, maana kulikuwa na vikwazo vingi vingine dhidi ya chama hicho. Lakini mtu aliyeijenga nyumba alijikuta nje usiku, na funguo anazo mwingine.

Yaliyofuata yalikuwa mabaya zaidi. Oktoba 25, 1969, Kenyatta alikwenda Kisumu kufungua hospitali, kukazuka makabiliano makali kati yake na Odinga hadharani, na walinzi wakafyatua risasi, watu wengi wakauawa. Siku chache baadaye KPU ilipigwa marufuku na viongozi wake wakawekwa kizuizini. Oneko alikuwa miongoni mwao. Serikali ya mkoloni ilikuwa imemfunga miaka 9. Sasa serikali ya mtu waliyeshtakiwa pamoja Kapenguria ilimzuilia hadi 1975. Yeyote anayetaka kujua jinsi taifa na serikali vinavyoweza kuwa vitu viwili, asome maisha ya mtu huyu mmoja.

Baada ya kuachiliwa alikaa kimya kwa muda mrefu. Wakati huo stesheni yake ilikuwa ikikua: tayari kulikuwa na runinga Mombasa tangu 1970, picha za rangi zikaja, na minara ikapanda milimani hadi Nyambene ikapata mawimbi. Mwaka wa 1989 sheria mpya iliirudisha jina la KBC, ikiwa shirika tena, angalau kwenye karatasi. Mwaka uliofuata, Machi 1990, runinga ya pili ilianza Nairobi: KTN. Wengi waliishangilia kwa kuwa ilivunja ukiritimba. Sehemu kubwa ya vipindi vyake ilitoka CNN ya Marekani, nayo ilikuwa na uhusiano wa karibu na KANU. Ukitazama kwa jicho la 1964, yale mawili ambayo Oneko aliyaogopa na yale aliyoyasababisha yalikuwa yamekutana katika stesheni moja: sauti ya mgeni na mkono wa chama tawala. Hata hivyo ni lazima nikiri kwamba watangazaji wake walithubutu kuonyesha mambo ambayo KBC haikuyaonyesha, na kwamba kushindana tu kulileta pumzi. Huku kwetu hatukuiona. Mawimbi yake ya mwanzo hayakuvuka Nairobi, kama yale ya Limuru mwaka wa 1962.

Desemba 1992, akiwa na umri wa miaka 72, Oneko alirudi kwa wapiga kura kwa tikiti ya FORD-Kenya ya Odinga, safari hii nyumbani, katika eneo la Rarieda. Katika uchaguzi huo waangalizi kutoka nje waliilaumu KBC kwa kuipendelea KANU na kuwanyima wapinzani nafasi. Alishinda, akakaa bungeni hadi 1997. Nadhani ni yeye peke yake katika bunge lile aliyeweza kuitazama KBC kwa macho ya aliyeiunda na ya aliyenyamazishwa nayo, mara ya kwanza 1966 na mara ya pili 1992. Alifariki Juni 9, 2007, nyumbani kwake Rarieda, akiwa na miaka 87. Alikuwa wa mwisho miongoni mwa wale sita.

Sasa turudi mlimani. Tangu leseni zilipoanza kutolewa kwa wingi, tumepata idhaa za lugha zetu. Kampuni ya Royal Media, yenye makao Nairobi, ilianzisha Muuga FM kwa Wameru na Wimwaro FM kwa Waembu. Baada ya kuhamia mfumo wa dijitali mwaka wa 2015, runinga ndogo nazo zikawezekana, na Weru TV ikasikika kwa Kimeru kutoka Meru. Mwanafunzi wangu mmoja alidai darasani kwamba hatimaye tuna stesheni zetu. Nilimuuliza anamaanisha nini kwa hilo neno zetu. Stesheni ndogo ya runinga katika mfumo wa leo haimiliki mnara. Hutengeneza vipindi, kisha hulipia nafasi kwa kampuni yenye leseni ya kusambaza mawimbi, ambayo huyafikisha kwenye ving'amuzi vya watu. Leseni za mwanzo za kusambaza zilikwenda kwa Signet, tawi la KBC, na kwa kampuni ya Pan Africa Network Group, yenye uhusiano na Uchina. Ndiyo maana Februari 2015 makampuni makubwa ya Nairobi yalizima runinga zao kwa wiki kadhaa yakipigania mnara wao wenyewe. Iwapo wakubwa hao walihofia kutegemea mnara wa mwingine, stesheni ya Meru iliyoshindwa kulipa kwa miezi michache itasema nini?

Wala umiliki wa kibinafsi haukumaliza mkono wa serikali. Januari 30, 2018, runinga za Citizen, NTV, KTN na Inooro zilizimwa kwa sababu ya kuonyesha, au kutaka kuonyesha, hafla ya kisiasa ya Raila Odinga, mwana wa Jaramogi. Baadhi zilikaa zaidi ya juma moja bila kurushwa licha ya amri ya mahakama.

Kisha kuna suala la lugha yenyewe, ambalo ndilo la taaluma yangu. Stesheni ikisema inatangaza kwa Kimeru, ni Kimeru cha nani? Kiimenti kilipata nguvu kupitia Biblia na shule za misheni, na ndicho kinachosikika zaidi. Mtigania na Mwigembe huelewa bila shida, japo hucheka baadhi ya maneno. Mtharaka huvumilia. Mchuka yumo katikati kabisa: serikali humhesabu upande wa Meru, ilhali usemi wake uko karibu sana na wa Embu, na nimeona wanafunzi kutoka huko wakihama kutoka idhaa moja hadi nyingine bila kuisikia nyumba yao katika yoyote. Kwa Embu, Mmbeere ana malalamiko yanayofanana na hayo. Mwenye stesheni huchagua lahaja yenye wasikilizaji wengi kwa kuwa mwenye matangazo ya biashara hulipa kulingana na idadi yao. Hakuna waziri anayeamua hivyo siku hizi, wala kampuni ya Cable and Wireless. Lakini anayeamua bado si msemaji wa lugha.

Katiba ya 2010, iliyopitishwa miaka mitatu baada ya Oneko kuzikwa, inasema katika kifungu cha 34 kwamba vyombo vya habari vya serikali viwe huru kuamua maudhui yake, visipendelee upande wowote, na vitoe nafasi ya haki kwa maoni yanayopingana. Hicho ndicho kifungu kilichokosekana katika sheria ya 1964. Hakisemi lolote kuhusu kumilikiwa na watu wenyewe kwa hisa. Muhula huu nimewapa wanafunzi wangu kazi ya kutembea kutoka Siakago hadi Maua, kuorodhesha kila idhaa ya redio na runinga inayopatikana kwa lugha za mlimani, na kuandika mbele ya kila moja mambo matatu: lahaja inayotumika katika taarifa ya habari, mwenye kampuni, na mwenye mnara. Safu ya kwanza wameijaza kwa siku mbili. Safu nyingine mbili bado zina nafasi nyingi tupu.